Mkalimani wa Wakili

Kabla ya kutafsiri lolote, mkalimani wa wakili hupangusa miwani kwa ncha ya tai, akakohoa, kisha akasema polepole kama anayeogopa kumwaga maji. Siku ile Dominiko, mkata mkonge, alisikia kila neno asielewe kitu. Eti sheria mpya ya kazi ya Mwingereza inamruhusu kukaa kwenye kambi ya vibarua wa mkonge na watoto wake, ila hawa aliowaleta si wake, ni wa dada yake.

“Wangu ni wepi basi, mzee? Nikifa, si hawa watakaorithi shamba la ukoo kule Matombo?”

Mkalimani akapangusa, akakohoa, akatafsiri. Wakili akamgeukia mkalimani. “Na wewe unao wangapi?” Naye mkalimani, Mluguru kama Dominiko, ambao kwao mtoto wa dada ndiye mrithi, akaanza kuwahesabu kwa vidole watoto wa dada zake. Katikati akasita, akakunja ngumi, akavua tena miwani.