Alama ya Kidole Mguuni

Mtoto wa kaka yangu aliletwa mlangoni anisalimie. Wifi akasema kwa furaha, "Mwone alivyojaa mashavu. Hapa mgodini tunakula."

Nilitaka kurudi nilikotoka. Mashavu yale niliyajua. Mwaka uliotangulia, kwetu karibu na Kagongwa, nilijivuna kwa majirani kwamba mwanangu amenenepa. Dresa, yule mhudumu wa dawa wa zahanati, alipomwona alimshika mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Mama, huyu hakunenepa," alisema. "Ni maji. Amekosa maziwa, karanga, maharage." Shimo la kidole lilibaki kwenye ngozi. Siku ya nne tulimzika.

Kaka aliniita Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa sababu wifi alikuwa mjamzito na kazi zilimzidi. Aliamka kabla ya alfajiri kuwapikia wachimbaji chakula cha kuwauzia. Mtoto aliachishwa ziwa mara mimba ilipojulikana. Asubuhi alikunywa uji mweupe wa sembe, mchana akala ugali uliobaki. Maharage na karanga za posho ya kaka ziliingia kwenye sufuria ya wateja, na nyama waliila wanaume walipokaa pamoja jioni. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama.

Alikaa ukutani kutwa nzima. Nzi walitua usoni mwake naye hakuwafukuza. Kaka alicheka: "Huyu atakuwa mzee wa baraza. Hana haraka na dunia."

Siku mbili nilinyamaza. Nilikuwa mwanamke aliyefiwa, sina mtoto mwingine. Nikimtaja mtoto wa mwenzangu kwa ugonjwa, kisha afe, watu wangejua wa kumuuliza. Wanawake waliitwa wachawi na kufukuzwa kwa jambo dogo kuliko hilo, na wengine hawakuishia kufukuzwa. Niliogopea nafsi yangu kwanza, mtoto baadaye. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu nilikuwa namtoa funza. Nikabonyeza juu ya mguu. Shimo likabaki.

"Wifi, njoo uone."

Alikuja akifuta mikono. "Umemfanya nini?"

"Nimembonyeza tu. Wangu alikuwa hivi."

"Wako amekufa."

"Ndiyo. Ndiyo maana nasema."

"Umekuja kunisaidia kazi, au kunihesabia watoto?"

Kaka aliporudi kutoka shimoni alimbonyeza mwanawe, kisha akajibonyeza mguu wake mwenyewe. Wake haukubaki na shimo. Akasema, "Kuanzia kesho, kabla ya wateja anakula huyu."

"Na akizidi kuumwa?" wifi aliuliza.

Kaka alinitazama.

Nilitwanga karanga nikazitia kwenye uji. Nilimpondea maharage. Nilipika nsansa, zile mboga zilizokaushwa nilizotoka nazo nyumbani, kwa karanga vilevile. Kila asubuhi tulifuata maziwa kwa wafugaji nje ya kambi. Nilimbeba nusu ya njia, kisha namtua atembee. Alilia, akaketi, nikamngoja. Nyumbani nilibonyeza tena.

Baada ya siku kadhaa uvimbe ulishuka, na mtoto akabaki mifupa. Mashavu yalianguka, macho yakawa makubwa. Sikujua kama huko ndiko kupona au ndiko kufa. Wangu hakufika hapo.

"Umemkausha mwanangu," wifi alisema kwa sauti ndogo. Alimfunga mgongoni, na tumbo lake lile kubwa, akapika naye hivyo. Mimi nikakatazwa kumgusa. Majirani waliacha kujibu salamu yangu. Nilifunga nguo zangu kwenye kitenge, kikakaa tayari karibu na mlango. Lakini nilimwona wifi akitwanga karanga mwenyewe, akimlisha kabla ya wateja, na maziwa akiyafuata mwenyewe, mtoto akijikokota nyuma yake.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba, nikasikia mchimbaji mmoja akisema, "Mama, una mwizi hapa." Nilichungulia penye kona: mtoto alikuwa amechota karanga kwenye ungo na kukimbia nazo. Alikimbia vibaya, miguu ikigongana, lakini alikimbia.

Wifi hakucheka. Aliweka mwiko chini, akamfuata, akamkamata mguu na kuubonyeza kwa kidole chake. Akabonyeza tena.

"Wifi," aliita. "Njoo uone."

Nilisimama na ufagio wangu mpaka aliponiita mara ya pili.