Hakuna Aliyemuuliza Mwoshaji

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ya kopo la bati likianguka juu ya saruji. Mjomba wangu hakuwa mtu wa kuangusha vitu. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeitwa kuosha maiti wa kiume mtaani kwetu Pongwe, na utulivu wa mikono yake ulijulikana. Adhuhuri ile alikuwa akitia udhu uani, redio ikiwa dirishani. Msomaji wa habari alikumbusha kifo cha miaka kadhaa iliyopita cha aliyekuwa diwani wetu, kwa maneno yaleyale ya taarifa rasmi: majambazi walilizuia gari lake barabara ya Horohoro, akashuka, akakimbia, akapigwa risasi. Kwenye neno “akakimbia” kopo likaanguka.

“Akakimbia,” mjomba alijisemea. “Na mikono ile?”

Nilikuwa barazani na sura ya nne ya tasnifu yangu, iliyohusu mauaji hayohayo. Nilikuwa nimeandika humo kwamba maelezo rasmi hayana kasoro ya msingi. Msimamizi wangu aliitarajia Ijumaa.

“Mikono ipi, mjomba?”

“Aa, wewe soma makaratasi yako.”

“Makaratasi yenyewe si ndiyo hayo anayoyasoma huyo wa redioni?” mkaza mjomba alidakia kutoka jikoni. “Mwambie, bwana. Huyu asipojua jambo halali, na asipolala yeye hatulali sote.”

Mjomba aliokota kopo, akamaliza udhu wake, akasali. Ndipo akaja kukaa nami. Diwani alimwosha yeye. Alianza kama ilivyo desturi, kwa kumtawadhisha, na alipofika kwenye vifundo vya mikono akakuta ngozi imechunika duara zima, mkono wa kulia na wa kushoto, damu imevilia chini yake.

“Kamba ya katani,” alisema. “Nimekata mkonge nikiwa kijana. Naijua inavyochuna.”

Akili yangu ilifanya ilichozoea: ilitafuta njia ya kutoamini. Pengine ilikuwa saa ya mkononi. Mikono yote miwili? Pengine hospitali ilimfunga mikono ili itulie kifuani, nilimwambia.

“Wanafunga kwa bendeji,” alinijibu. “Nimezifungua nyingi. Bendeji haichuni, na maiti havilii damu, mwanangu. Yule alifungwa yu hai.”

Aliyefungwa mikono hakimbii kama walivyotueleza, na jambazi wa njiani hana sababu ya kumfunga mtu kisha kumfungua kabla ya kumwacha. Sikujua nani alimuua. Hilo silijui hata leo. Nilichokijua, bila kutetereka, ni kwamba sura yangu ya nne haikuwa na miguu ya kusimamia.

“Mbona hukusema?”

“Mwoshaji hasemi. Ulichokiona kwenye kitanda cha kuoshea unakiacha hapohapo.”

“Tunasitiri aibu ya maiti, mjomba. Ile kamba ilikuwa aibu yake, au ya waliomfunga?”

“Wafiwa wenyewe wakiniuliza, nitawajibu. Mjane hajaniuliza, nikajua hataki. Na wewe si mwenyewe.”

Hapo niliona kosa letu sote watatu. Mjane hakuuliza kwa sababu kwetu mwoshaji haulizwi. Mjomba aliuchukulia ukimya wake kuwa ni matakwa yake. Nami, msomi, niliuchukulia ukimya wa wote wawili kuwa ushahidi, nikaandika: “Hakuna shahidi aliyejitokeza kupinga.” Nilisoma majalada mawili mazima, na mwoshaji alikuwa akinipakulia wali kila siku.

Niliifuta sentensi ile. Sikuandika ya kamba mahali pake, kwa kuwa haikuwa yangu kabla haijawa ya mjane. Siku mbili nilijadiliana na nafsi yangu. Je, kama amekwisha kutulia na nikamrudishia msiba? Je, kama kujua kutamweka hatarini? Kila swali lilikuwa na uzito, lakini yote yalikuwa maswali ya kujibiwa naye. Kumnyima nafasi ya kuchagua kungekuwa kumchagulia.

Alhamisi asubuhi nilimwambia mjomba kwamba nakusudia kumpigia mjane simu. Nilitazamia anikataze.

“Simu ni yako,” alisema. “Lakini usimwambie nilichokiona. Hicho atakipata kwangu.”

Mjane sasa anaishi Moa, kwa dada yake. Aliipokea simu upesi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?”

Nilimweleza mimi ni binti wa nani na mjomba wangu ni nani. Kisha nikasema sentensi niliyoiandika na kuifuta mara nyingi: “Mama, mjomba ndiye aliyemwosha marehemu. Ukitaka kumuuliza lolote, yu tayari kukujibu.”

Nilisikia kiti kikiburutwa, halafu mlango ukifungwa.

“Miaka yote hii,” alisema taratibu, “nilidhani nikiuliza nitamkosea.” Akavuta pumzi. “Leo yupo nyumbani?”

“Yupo, mama.”

“Basi mwambie asitoke. Nakuja.”