Msitu wa Bibi Haru

Nyumba ya Bibi Haru kule Lakeville, ughaibuni, ilinukia mbao za mierezi na wali uliotoka kuiva. Mama alikuwa akimhudumia bibi huyo wa Kijapani nyumbani kwake, na kiangazi kile alinichukua kazini kila siku, maana kwetu Columbia Heights hapakuwa na mtu wa kubaki nami. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo usio na komeo. Bibi alinipenda hivyo hivyo. Alinionyesha picha za msitu wa kwao: mierezi minene isiyoruhusiwa kuguswa na shoka, na katikati yake mahekalu ya kale, ya Kishinto na ya Kibudha, yakikaa jirani bila ugomvi. Mama alichungulia, akasema kumbe mierezi haikuishia Lebanoni.

Ukutani palikuwa na rafu yenye kihekalu cha mbao, na kila asubuhi Bibi aliweka hapo kibakuli cha wali. Siku ya kwanza Mama alidhani ni chakula kilichosahauliwa, akakitupa, akaosha kibakuli kikang'aa. Bibi hakulalamika, alipika tena, akaiweka upya sadaka yake. Mama aliona haya mpaka nikamhurumia.

Mwezi Agosti mkono wa Bibi ukagoma kupanda, akamwomba Mama amwekee. Weee! Mama yangu, mwanakwaya, aliyekimbia Kongo akibeba Biblia kabla ya sufuria, aweke chakula mbele ya miungu ya watu? Mwacha mila ni mtumwa, wahenga walisema, ila hawakusema mila za wenzako uzifanyeje. Mama alikataa kwa upole. Bibi akainamisha kichwa, kibakuli mkononi, nami nikamchukia Mama dakika nzima. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa, akaifuta tena, kisha akasimama nyuma ya Bibi.

"Mimi siweki," alisema. "Lakini kuuinua mkono wako ndiyo kazi yangu."

Akamshika kiwiko, wakauinua mkono pamoja polepole hadi kibakuli kikatua rafuni. Walifanya hivyo kila asubuhi, mpaka Bibi alipofariki majani yakianza kupukutika.

Mwaka huu, nikiwa mtu mzima, nimefika kwenye msitu ule wa kwao Bibi. Watu wananawa mikono, wanainama, wanaondoka kimya. Siku hizi sisi tunaulizana dini kabla ya kujuliana hali, na mimi mwenyewe nimekuwa mwoga wa kugusa ibada za wengine. Nikiwa pale pale nilimpigia Mama simu, nikamuuliza kama aliwahi kutubu kwa ajili ya ule wali.

"Nitubu nini?" akasema. "Ningemwacha na mkono chini, hapo ndipo ningetubu, mwanangu."