Maneno Aliyoyaongeza Dada

Kompyuta mpakato ya dada yangu haikujua Kiswahili. Aliinunua ili afungue steshenari karibu na stendi ya Makambako, na siku ya kwanza alipochapa barua ya mteja ya kuomba kazi, kila neno lilipigiwa mstari mwekundu kuanzia juu mpaka kwenye "wako mtiifu". Alinipigia simu Njombe, ninakofundisha sekondari, akiuliza kama ameuziwa kompyuta mbovu. Nilicheka, halafu nikakasirika. Watu wenye akili zao wameketi wakatengeneza mashine, wakaipa kamusi ya Kiingereza peke yake, na sisi wengine tukageuka kuwa makosa matupu.

Jumamosi ile nilimpelekea kamusi ya Kiswahili niliyoipakua shuleni na kuitia kwenye flashi. Kuiingiza kulituchukua asubuhi nzima, maana umeme ulikatika mara mbili. Ilipokubali, mistari ilitoweka karibu yote, ikabaki chini ya majina: majina ya Kibena ya wateja na majina ya vijiji vyao. Nikamwonyesha namna ya kubofya upande wa kulia juu ya neno na kuchagua pale panaposema ongeza kwenye kamusi. Neno la kwanza aliloongeza lilikuwa Lyamkena, kata alimopanga chumba. La pili lilikuwa jina langu. Alisema sasa hata mimi natambulika.

Barua za kazi hazikumpa wateja wengi. Waliomweka mjini ni wafiwa. Huku kwetu mtu hazikwi bila kusomewa wasifu wake. Ndugu huketi pamoja, mzee mmoja anasema, mwenye mwandiko mzuri anaandika: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, kipaimara alipata usharika gani, aliolewa na nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi, aliugua nini. Karatasi inaletwa steshenari mbiombio huku gari la jeneza likisubiri. Dada alichapa wasifu wa watu wengi sana, na kila jina lililokataliwa na mashine aliliongeza kwenye kamusi kabla ya kuchapisha. Nilimtania kwamba anapoteza muda, kwani ule mstari hautokei kwenye karatasi. Alinijibu kwamba yeye anauona, inatosha.

Siku moja, dukani hakukuwa na mtu, aliniambia jambo ambalo nyumbani halikuwahi kusemwa mbele yangu. Mimi nikiwa darasa la tatu na yeye kidato cha pili, alipelekwa Lugarawa kwa shangazi. Tuliambiwa anakwenda kumsaidia shamba. Kumbe alikwenda kujifungua. Mtoto wa kike aliishi siku kumi na moja, akazikwa nyuma ya nyumba ya shangazi. Dada alimpa jina ambalo bibi yetu alijitungia mwenyewe enzi za ujana wake, na ambalo sijapata kulisikia kwa mtu mwingine yeyote. Alilitaja mara moja tu, akaendelea kupanga karatasi. Sikumwuliza swali hata moja. Niliogopa kuuliza vibaya, nikauita woga huo heshima.

Hakuolewa wala hakuzaa tena. Alipougua saratani, mama alitoka kijijini, mbele kidogo ya Uwemba, akahamia Lyamkena kumwuguza. Alilala kwenye godoro chini, pembeni ya kitanda cha dada, miezi miwili. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi. Mara nyingi nilimkuta dada ameegemea mito, kompyuta mapajani, akiandika. Nilidhani anamalizia kazi za wateja, nikamsihi apumzike. Alisema atapumzika sana tu, nisiwe na haraka. Nilichukia utani ule, na sasa naukumbuka kuliko vyote.

Alifariki hospitalini siku ya Jumatano. Mama alitangulia kijijini na wanawake. Alhamisi asubuhi mimi na baba mdogo, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wa ukoo, tulikwenda Lyamkena kutafuta cheti chake cha ubatizo na kuandika wasifu. Niling'ang'ania tuuandike palepale, kwenye kompyuta yake. Sikutaka mkono wa mtu baki uandike habari zake. Baba mdogo alisimama dirishani na koti lake zito, upepo ukigonga bati, akawa anasema nami nachapa. Alizaliwa. Alibatizwa. Alisoma. Alifungua biashara. Kisha akasema niandike kwamba marehemu hakujaliwa kupata mtoto.

Niliandika. Ila chini ya sentensi ile nikalichapa jina la yule mtoto. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kuliona tu, maana sikuwahi kuliona limeandikwa mahali popote, na nilitegemea mstari mwekundu utokee chini yake. Haukutokea.

Nikadhani ukaguzi umezimwa. Nikachapa jina la kijiji cha mwalimu mwenzangu mmoja, kijiji cha mbali, likapigiwa mstari papo hapo. Basi nikafungua ile orodha ya maneno yaliyoongezwa. Yalikuwa mamia, yamepangwa kwa alfabeti: wateja wake na marehemu wake, Uwemba na Lugarawa. Katikati yao lilikuwamo jina la mtoto. Mashine hailijui jina lile mpaka mtu aifundishe, na katika kompyuta ile aliyekuwa akifundisha ni mmoja. Nilipekua mafaili yote, nikapekua na pale yanapotupwa yaliyofutwa. Hakukuwa na chochote. Dada alikuwa ameandika habari za mwanawe, kisha akazifuta, na kamusi ikabaki na neno.

Nilimwita baba mdogo aje aone. Alisoma, akakaa kitandani taratibu. Hakuniuliza ni jina la nani. Ndipo nilipokumbuka kwamba yeye ndiye aliyempeleka dada Lugarawa.

Nilimwambia nataka sentensi ile iondoke, na jina la mtoto liandikwe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila hasira. Alisema mchungaji atakuwepo, walimu wenzangu watakuwepo, watu watauliza baba wa mtoto ni nani, na sisi tutabaki kijijini na maswali hayo.

"Aliandika mwenyewe, baba," nilisema.

"Kisha akafuta. Mwanangu, mtu akifuta jambo lake amebadili mawazo. Wewe umekuwa nani hata umrudishie?"

Nikisema kweli, nilifurahi kukosa la kumjibu. Nilikuwa nimeshawaona akilini wanafunzi wangu wakishuka kwenye gari la shule, wenzangu wakitazamana, na mimi nimesimama mbele na karatasi. Aibu ile haikuwa ya ukoo, ilikuwa yangu. Ningeweza kumpigia mama simu, mtu aliyelala chumba kile miezi miwili. Nilijiambia mama yuko msibani, nisimwongezee mzigo. Nikalifuta jina, tukaenda dukani kuchapisha nakala.

Tulimzika Ijumaa mchana, ukungu ukiwa haujaachia vizuri. Wasifu niliusoma mimi. Sauti yangu inafika mbali, ni sauti ya darasani, na siku ile niliitumia yote. Nilipofika pale pa "hakujaliwa kupata mtoto" sikupunguza mwendo. Nilisikia wanawake wakiguna kwa huruma, ile huruma wanayomwonea mwanamke aliyekufa peke yake. Nilisoma mpaka chini, nikakunja karatasi, nikarudi kukaa.

Baada ya kaburi kufukiwa, mwongoza ratiba alianza kuita watu waweke maua. Aliita mzazi kwanza. Mama alishikwa mikono na wanawake wawili, akaenda, akaweka la kwake, akarudishwa kwenye kiti kando yangu. Alikaa kidogo, kisha akaniinamia. Alisema kwa Kibena, kwa sauti ya chini, wala hakuwa ananigombeza. Alikuwa anauliza tu, jinsi mtu anavyouliza jambo asilolielewa.

"Mbona mtoto hukumsoma?"

Nilimtazama. Akadhani sijasikia, akaendelea kunieleza. Alisema dada alikuwa amejiandikia wasifu wake wote, na alasiri moja akamsomea akiwa kitandani, na mtoto alikuwamo, jina lake na siku zake kumi na moja. Yeye mama ndiye aliyemkataza. Alimwambia kujiandikia msiba ukiwa hai ni uchuro, afute haraka.

"Akafuta," mama alisema. "Akaniambia haina neno, mdogo wangu analijua jina, ataliandika yeye."

Nilitaka kumwambia kwamba nililiandika. Ni kweli, nililiandika, lilikaa pale dakika chache.

Mwongoza ratiba alisoma nakala yake ya wasifu, ule niliouchapa mimi, akatangaza kwamba kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto, sasa wanaombwa ndugu zake. Niliinuka na wenzangu. Nilichomeka ua langu kwenye udongo uliolowa, likalala upande, nikalisimamisha tena. Nilipogeuka, baba mdogo alinishika bega mbele ya watu wote, akaniambia nimesoma vizuri.