Chumvi ya Majani ya Mchu

Sabra binti Kondo hakuwahi kuitwa mlaghai mpaka alipoitwa hivyo na mtu mwenye shahada. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, aliyekulia matopeni nyuma ya baba yake mkata boriti, anayeijua mikoko yote ya delta kwa jani na kwa gome; huyo ndiye wa kuambiwa anachanganya majani ya mchu na ya mikoko mingine!

Daktari Abdulrazaq alitoka Dar, akapanga vyumba viwili Kibiti mjini na kuvigeuza maabara. Kazi yake ilikuwa nzuri, tusimdhulumu. Alichemsha majani ya mchu, akachanganya maji yake na madini ya fedha yaliyoyeyushwa majini, apate chembe ndogo za fedha zisizoonekana kwa macho, za kutia kwenye dawa ya vidonda. Maji yakigeuka rangi ya chai, chembe zimepatikana. Sabra ndiye aliyechuma majani, na masika yote maji yaligeuka vizuri.

Kiangazi kilipoingia, Sabra akamwonya. "Daktari, sasa mvua hakuna, mchu unatoa chumvi juu ya jani. Yaosheni kwanza kwa maji ya mvua ya akiba."

Daktari akacheka. "Mama, wewe chuma. Kemia niachie mimi."

Akaachiwa. Wiki tatu kila chupa ikatoka nyeupe kama maji ya mchele. Unadhani alilikumbuka neno la Sabra? Thubutu! Alipanda gari mpaka Nyamisati, akamsimamisha gatini mbele ya wapakiaji na abiria wa kwenda Mafia, akapaza sauti: "Huyu mama anatuchanganyia majani. Si mwaminifu!"

Kazi akapewa mwingine. Hilo Sabra angelimeza, maana kazi huja na kwenda. Kilichomchoma ni kwamba tangu siku hiyo, akipeleka kamba wabichi gatini, wateja wa miaka yote walitia mkono mpaka chini ya ndoo kuangalia kama hakuficha waliooza.

Majani ya mchumaji mpya nayo yakaleta weupe ule ule. Ndipo Faraja, mtaalamu wa maabara aliyelisikia onyo la Sabra, alipoosha fungu moja kimyakimya. Maji yakageuka chai. Daktari akapiga simu.

"Mama, ulisema kweli. Chumvi ndiyo iliyokuwa ikiikamata fedha. Nisamehe, urudi kazini."

"Uliponitukana ulitumia simu?" Sabra akauliza, akakata.

Ijumaa Daktari akaja gatini. Akamsogelea Sabra sikioni. "Samahani, mama."

Sabra akamnyooshea jani la mchu. "Ramba."

Watu wakasogea. Daktari akaramba, akakunja uso. "Chumvi," akanong'ona.

"Sisikii, na hawa hawasikii. Siku ile ulikuwa na sauti, mwanangu. Umeiacha wapi?"

Daktari akawageukia watu. "Mama huyu hakuchanganya chochote!" akasema kwa nguvu. "Aliniambia, mimi nikakataa kusikia."

Sabra akainua ndoo yake, akaiweka katikati ya wateja wake wa miaka yote.

"Haya," akasema. "Nani leo anatia mkono?"