Mtumbwi Wenye Vitufe Viwili

Tonton, yaani mjomba wangu, anayetengeneza simu kwenye soko la Mangobo, Kisangani, aliposikia mchezo wa simu niliotaka kutengeneza alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. "Mchezo bila bunduki, bila ballon ya kupiga teke, mutu iko anasoma tu? Ee, mwana yangu! Hapa ata Biblia batu banangoja pasta abasomee." Mteja mmoja akasema diploma yangu ya Kampala ingefaa kufungia samaki wa chumvi. Mwingine akaapa kwamba kabla mwezi haujaisha nitakuwa naendesha moto, pikipiki ya abiria, kama wenzangu wote.

Nayaandika maneno hayo kwa raha, maana niliweza. Hakuna mkubwa aliyenishika mkono. Nilikwenda Uganda na mashati mawili, nikabeba magunia mchana na kusoma kompyuta jioni. Diploma yangu iko ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni huiona kabla ya kuona kiti.

Ila wageni hawakuwa wengi. Rafiki zangu wa zamani walikuwa wameoa, wamehama au wamekufa. Kampala nilikuwa Mkongomani. Kisangani watoto wa mtaa waliniita Muganda. Nilikaa chumbani na kompyuta ambayo tonton, pamoja na kicheko chake, aliniazima, nikala pondu, yaani kisamvu, ya mama jirani aliyenipa sahani baada ya sahani bila kuuliza nitalipa lini.

Mchezo wangu ni hadithi ya kusoma kwenye simu. Unasoma, unafika mahali hadithi inasimama, na vitufe viwili vinatokea. Unachobonyeza ndicho kinachotokea.

Hadithi yenyewe nayo niliazima. Mwenyewe ni mama leki, mdogo wa mama yangu, aliyenilea ng'ambo ya mto, Lubunga. Mji ulipopigwa mabomu nilikuwa na miaka minne. Mama leki alinivusha kwa mtumbwi, mama yangu akabaki nyuma, na hatukumwona tena, wala baba. Hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe nilikumbuka kitambaa cha njano tu, na maji, nikidhani ni ndoto. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, alijibu, "Beba. Lakini unajua namna ya kwetu."

Ninajua. Sisi ni watu wa mto, wa upande wa Isangi, na kwetu mtumbwi wa kuazima haurudishwi mtupu. Samaki mmoja, ndizi chache, lazima kitu kilale ndani. Anayerudisha mtumbwi mtupu amekuambia kwamba safari yake haikukuhusu.

Nikaandika. Anayecheza alikuwa mama leki, ndani ya mtumbwi na mtoto, na pale ukingoni niliweka vitufe viwili: *Ngoja*, na *Piga kafi*. Ukipiga kafi, mnafika Lubunga wawili. Ukingoja, mabomu yanakaribia, mtoto analia, unataka kukata tamaa, halafu mama anatokea mbio na furushi kichwani, na mnavuka wote watatu. Mwisho huo niliupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Wanafunzi walikuja kunakili mchezo kwenye meza ya tonton, na yeye akaacha kucheka. "Donc, kumbe batu banasoma!" Msichana mmoja aliniambia alilia alipomwokoa yule mama. Siku ile nilipita sokoni kama chifu.

Jumapili moja baada ya misa nikavuka kwenda kumwonyesha mwenye hadithi. Mama leki hasomi sana, kwa hiyo mimi nilisoma kwa sauti na yeye akachagua, huku akimenya mihogo. Alicheka mahali ambapo mtoto anakataa viatu. Tukafika ukingoni.

"Chagua, mama leki. Ngoja, ao piga kafi?"

Aliweka kisu chini. "Ngoja."

Nikasoma kwa madaha yangu yote: furushi, mbio, watatu ndani ya mtumbwi. Nilipoinua macho, hakuwa ananitazama.

"Basi angekuja," akasema.

"Ni mchezo tu, mama leki."

"Wewe umesoma. Uko na diploma. Umeandika: kama ningengoja, angekuja."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya muhogo ambao ulikuwa umekwisha kumenywa.

Baada ya hapo nilivuka mara mbili. Mara zote mbili jirani yake aliniambia ameenda shambani, na mara zote mbili kandambili zake zilikuwa mlangoni. Simu yangu ilijaa sifa za watu nisiowajua. Nilizisoma chumbani peke yangu, nikainua macho kwenye diploma, na kwenye kioo chake nikaona uso wangu tu. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwita mama duniani, na nilikuwa nimempa hukumu yenye kitufe.

Nilifuta *Ngoja*. Nikabaki na *Piga kafi* peke yake, nikasoma, nikaona nacho ni uongo, kana kwamba aliondoka tu. Masomo yangu yote hayakunifundisha kitu cha kuweka pale.

Safari ya tatu niliacha simu nyumbani. Nilibeba panga, nikamkuta shambani kweli, nikaanza kufyeka kando yake bila kusema. Jua lilipokuwa utosini aliketi kwenye kigogo.

"Ulinipa vitufe mbili," akasema. "Mie sikukuwa na ata moja. Mama yako mwenyewe njo alisukuma mutumbwi. Na muguu yake. Alikuweka kwa mapaja yangu, akasukuma, akasema nisigeuke, yeye anarudi kutafuta baba yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kama mama yako alikuacha?"

Nilichomeka panga ardhini. Upepo ulipita kwenye mihogo.

"Na hukugeuka?"

"Sikugeuka. Andika na ile pia."

Nikaandika upya. Sasa anayecheza ni mama. Amesimama ukingoni, mtoto amekwisha kumweka kwenye mapaja ya dada yake mdogo, na kitufe ni kimoja: *Sukuma*. Usipobonyeza, hadithi haiendi popote. Tonton alinipigia simu. "Batu banalalamika! Kitufe iko moja, banasema imeharibika." Nikamwambia haijaharibika. Akasema wapo wanaokaa na simu mkononi muda mrefu, halafu wanaondoka bila kubonyeza.

Nilipopata kompyuta yangu mwenyewe, kwa jasho langu, nilichagua Jumamosi moja ya kurudisha vyote. Tonton alipokea kompyuta yake, na ndani ya mfuko samaki mkubwa wa moshi. Alinusa, akaniita "bwana directeur". Mama jirani alipokea sahani zake zikiwa zimejaa wali. Alizihesabu, akasema moja haipo. Kweli, nilikuwa nimeivunja. Nilirudi sokoni kununua nyingine.

Kisha nikavuka. Mama leki hakutaka nimsomee kitufe. "Nionyeshe tu iko wapi." Nikamwonyesha. Kidole chake gumba kilikaa juu ya kioo bila kukigusa, kikashuka. Mtumbwi ukaondoka.

Mistari iliyofuata nilimsomea mimi. Ilikuwa yangu, haikuwa yake. Ndicho kitu nilichokilaza ndani ya mtumbwi wake. Nilikuwa nimeandika kwamba mwanamke mwenye kafi hakugeuka, lakini mtoto mapajani pake alikuwa ameelekea nyuma. Alimwona mama yake hakuondoka upesi. Alisimama, maji yakimfika magotini, akiwatazama mpaka walipofika katikati ya mto.

Mama leki alinitazama.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

"Kitambaa cha njano."

Alitikisa kichwa taratibu, kukubali. "Kitenge yangu," akasema. "Alivaa kitenge yangu."

Nilirudi Mangobo jua likiwa bado juu, na hakuna mtu Kisangani nzima aliyekuwa ananidai. Ndani ya mtumbwi nilikaa nimeelekea nyuma.