Kakaratasi ndani ya tochi ya Baba

Jameni, leo tochi imemchongea marehemu Baba kwa Mama!

Ni ile ya bati aliyonunua soko la Kianjai miaka ya tisini, nikiwa darasa la nane. Nimeiwekea mawe mapya ya betri, ikakataa kuwaka. Nikayageuza. Nikaipiga makofi.

Wapi!

(Watu wa tisini, mnakumbuka kuanika mawe juani?)

Mama akaniuliza, "Makena, umetoa nini huko ndani?"

"Kakaratasi tu, kalikuwa kwa springi. Nimetupa."

"Kaokote! Springi ililegea, baba yako akaweka kitu ya kusukuma mawe."

Nikakaokota, nikakakunjua mbele yake.

Karatasi ya silva, ya pakiti ya sigara.

Na Baba aliapa kanisani ameacha sigara nikiwa darasa la nne! Kumbe kila jioni akitoka na tochi "kuangalia ng'ombe", akipiga mluzi...

Nilidhani Mama atakasirika. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Akakakunja vilevile, akakarudisha, akafunga.

Tochi ikawaka. Akamulika kiti cha Baba.

"Mzee, tumelingana," akakiambia. "Hata mimi sikuacha ugoro."